Jumapili ya fainali ya Paris

Jumapili ya tarehe 8 Juni 2025 sikutoka nyumbani kabisa, kwa kuwa nilikuwa nimeitenga siku hiyo kwa ajili ya fainali ya tenisi ya Roland Garros kati ya Carlos Alcaraz wa Hispania na Jannik Sinner wa Italia. Sinner alishinda seti mbili za kwanza, na katika seti ya nne, akiongoza kwa 5-3, alibakiza pointi moja tu kuwa bingwa, tena akiwa na nafasi tatu mfululizo za kuipata. Nilisimama mbele ya runinga nikiwa nimekumbatia mto wa kochi, nikashuhudia Alcaraz akiziokoa zote tatu, moja baada ya nyingine. Sijawahi kuona ujasiri wa namna ile. Alishinda 4-6, 6-7, 6-4, 7-6, 7-6 baada ya saa 5 na dakika 29, muda ambao haujawahi kufikiwa na fainali nyingine ya mashindano hayo. Sinner, ambaye namhurumia hadi leo, hakustahili maumivu yale. Alcaraz alipojitupa chali kwenye udongo mwekundu, ndipo nilipotambua kwamba sebule ilikuwa giza na sikuwa nimewasha taa.