Tarakimu Chini ya Rangi

Jumapili, usiku.

Vidole bado vinanuka thina. Nimenawa mara tatu kwa sabuni ya unga na harufu imegoma kutoka. Mezani nina karatasi niliyoisugua penseli mpaka ikawa nyeusi, na katikati ya weusi huo umebaki mchoro mweupe wa herufi moja na tarakimu chache. Usingizi umenipaa, kwa hiyo naandika.

Datsun 240Z nimelitamani tangu nikiwa mtoto wa kuchora magari nyuma ya daftari la hesabu. Boneti ndefu, mkia mfupi, taa zimezama kwenye mashimo yake kama macho ya mtu anayekutazama bila kupepesa. Lilitoka Japani mwishoni mwa 1969, likashinda Safari Rally mwaka 1971, likarudia tena 1973. Kwa hiyo nilipopelekwa kuona moja linalouzwa, nilifanya kila kosa ambalo huwa nawakanya wenzangu wasilifanye. Nililizunguka mara mbili, nikapapasa paa, nikaingia ndani nikashika usukani, nikacheka peke yangu. Mwenye gari, mzee wa maneno machache, akaliwasha. Silinda sita kwenye mstari mmoja, kabureta mbili zikivuta pumzi. Nikawa nimekwisha.

Swali moja tu lilinitoka, na hata hilo niliuliza kwa adabu kuliko kwa kutaka jibu: injini ni yenyewe?

"Mwanangu," akasema, "tangu nilinunue gari hili, injini haijawahi kutoka humo."

Nikaridhika. Nilipofika nyumbani ndipo lile neno "tangu" likaanza kunizunguka sikioni kama mbu.

Maana injini za ukoo wa L za Nissan ni ndugu wa tumbo moja. Ipo L20A ya sisi (cc, yaani ujazo wa silinda zote) 1998, iliyowekwa kwenye Z za soko la Japani. Ipo L24 ya sisi 2393, ndiyo ya 240Z. Ipo L26 ya 260Z, sisi 2565, halafu L28 ya sisi 2753 iliyoingia kwenye 280Z na 280ZX. Ukoo huo huo ulisambaa kwenye Cedric, Laurel, Skyline, hata Patrol. Ukiziweka sakafuni bila mapambo, mtu asiyezizoea hatazitofautisha. Kabureta za moja zinafunga kwenye nyingine, na mfuniko wa valvu unavuliwa huku unavishwa kule. Sasa hesabu mwenyewe: gari lina zaidi ya miaka hamsini. L24 yake ikifa mwaka ambao gari lilikuwa mkweche tu usio na thamani, nani angehangaika kutafuta L24 nyingine wakati jirani ana L28 nzima imelala bandani?

Jana nilirudi na rafiki yangu fundi. Huyu bwana hana mapenzi na gari lolote, na ndiyo sababu nilimchukua. Alimwamkia mzee, akakataa kiti, akaomba boneti ifunguliwe injini ikiwa ya baridi.

Tulianza na rahisi. Namba ya chasisi imegongwa kwenye ukuta wa bati unaotenga injini na abiria, inaanza na HS30. Hiyo S30 ndiyo bodi, H inasema lilizaliwa na L24, na lingekuwa la usukani wa kushoto ungekuta HLS30. Chini ya boneti pia kuna bamba la kiwandani: sisi 2393, na namba ya injini inayoanza na L24. Mimi nikatabasamu. Fundi akasema, "Hiki ni cheti cha kuzaliwa. Mimi namtafuta mwenyewe."

Tukasogea kwenye hedi, kile kichwa cha injini kinachofunika silinda kwa juu. Pembeni, upande wa plagi, yapo maandishi yaliyotoka pamoja na chuma kilipomiminwa: E88. Moyo wangu ukaruka, maana E88 ilikuja kwenye 240Z za baadaye na kwenye 260Z. Ingekuwa N42 au P79, ningejua palepale kwamba hedi imetoka kwenye L28. Nikaanza kumweleza mzee kwa kujiamini kabisa. Fundi akanikata: hedi hufunguliwa kwa boliti, huenda karakana, huhamia gari jingine. Anayetaka kujua injini asome bloku, kiwiliwili chenyewe chenye silinda.

Hapo nikatoa silaha yangu, kijiti chembamba cha mbao nilichokuja nacho mfukoni kimefungwa kwenye gazeti. Nilikuwa nimejifunza kwamba mwendo wa pistoni kwenye L24 ni milimita 73.7, na kwenye L26 na L28 ni 79. Tofauti ya milimita tano na ushee unaiona kwa macho. Unafungua plagi, unaingiza kijiti, unazungusha injini kwa spana mbele, unaweka alama pistoni ikiwa juu na ikiwa chini. Kwa nadharia ilikuwa kazi ya dakika kumi.

Tatizo ni kwamba plagi za injini hii zimeingia kwa mshazari. Kijiti hakishuki wima kufuata pistoni, kinaelekea ukutani mwa silinda. Nilipima mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikapata majibu matatu, na moja lao lilikuwa la injini ambayo haijawahi kutengenezwa na kiwanda chochote. Mzee alikuwa amekaa kwenye ngazi ananiangalia kwa huruma. Fundi hakucheka, ila aliniomba kile kijiti, akakitumia kuchokonolea uchafu kwenye boliti ya betri.

Wakati tunafunga ile plagi, mzee akasema kwa sauti ya mtu anayekumbuka jambo dogo: gari likipanda mlima kwa gia ya tatu, huwa linagonga kidogo, kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo. Fundi wake humwambia ni petroli mbaya. Rafiki yangu aliinua kichwa, akamtazama, akarudi kwenye kazi yake. Hakusema kitu. Ningekuwa na akili jana ningemuuliza palepale.

Namba yenyewe ya injini imegongwa juu ya bloku, upande huohuo wa plagi, kuelekea nyuma, karibu na kijiti cha kupimia oili. Ni kibao kidogo kilichosawazishwa, hakizidi kidole kwa upana. Lakini injini yote ilikuwa imepakwa rangi ya bluu kwa brashi, nene, mpaka juu ya boliti, na juu ya rangi pakawa na miaka ya oili na vumbi vilivyoshikana kama ugoro. Kilichosomeka ni L, kisha 2, kisha uvimbe wa rangi.

Nne, sita au nane. Gari zima lilikuwa limesimama kwenye tarakimu hiyo moja.

Leo asubuhi tumerudi na thina, vitambaa na brashi ya plastiki. Fundi alinikataza brashi ya waya na msasa, na sababu yake naiweka hapa kwa faida ya mwingine. Kibao cha kiwandani kina mistari myembamba sana ya mashine iliyokisawazisha. Anayefuta namba ili agonge nyingine huiondoa mistari hiyo, huacha mikwaruzo ya msasa au kijibonde kidogo. Ukisugua wewe kwa waya, umefuta ushahidi, na kesho yake mnunuzi mwingine atakushuku wewe. Basi tukalowanisha kitambaa, tukakilaza juu ya namba, tukasubiri. Rangi ikaanza kukunjamana. Nikawa naibandua kwa kucha, kipande kwa kipande.

Kisha tochi, si kwa juu bali kwa ubavu, ili kila mchongo utupe kivuli chake. Nikabandika karatasi, nikapitisha penseli ikiwa imelala. Ikatokea L. Ikatokea 2. Halafu duara moja, na duara la pili chini yake.

"Nne au nane?" mzee akauliza. Alikuwa amesimama nyuma yangu, sikumsikia akija.

"Nane, mzee."

Akanyamaza kwa muda. Mistari ya kiwandani ilikuwepo, mizima, hakuna aliyechezea kibao. Fundi akawa tayari amelala chini ya gari, akasoma kwa kioo kidogo maandishi ya ubavuni mwa bloku: F54. Hiyo ndiyo bloku iliyokuja na 280ZX kuanzia 1981. Gari ni la mwanzoni mwa miaka ya sabini, moyo wake ni mdogo kwa miaka kumi hivi.

"Basi ile ya kwanza iko wapi?" mzee akasema. Hakuwa anatuuliza sisi. Nilimwangalia usoni nikaona kweli hakujua. Alilinunua hivyo, akalitunza hivyo, kila alichoniambia kilikuwa kweli tangu neno lile "tangu".

Nitajilaumu kidogo hapa, kwa sababu njiani kuja nilikuwa nimeshatunga hotuba ya kumwambia mtu aliyenidanganya. Hotuba imebaki mfukoni pamoja na gazeti la kijiti.

Fundi hakuishia hapo. Aliomba plagi ifunguliwe tena, akaingiza kamera ndogo ya waya, ile inayochomekwa kwenye simu. Tundu lililoshindwa kupitisha kijiti changu lilipitisha jicho vizuri tu. Juu ya pistoni palikuwa bapa, peusi kwa masizi, hapakuwa na kibakuli. Hiyo ilimwambia kwamba si bloku ya turbo, maana pistoni za L28 ya turbo zina kibakuli. Ni bapa za 280ZX ya kawaida, ambayo kiwandani ilivaa hedi ya P79 yenye chumba cha kuchomea cha sisi 53.6. E88 za mwanzo, chumba chake hakifiki sisi 45. Mchanganyiko ule ule wa petroli na hewa sasa unabanwa kwenye nafasi ndogo zaidi, kutoka takriban 8.8 kwa 1 mpaka kwenye kumi kwa moja, pengine kupita kidogo. Ukiongeza taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) iliyowekwa kwa vipimo vya L24, unapata misumari kwenye kopo.

"Petroli yako haina kosa, mzee," fundi akasema. "Inabanwa mno." Akalegeza distribyuta, kile kigawa moto wa plagi, akarudisha taimingi nyuzi chache, akafunga. Mzee akalipeleka mlimani peke yake. Aliporudi hakusema kitu, alishusha kioo tu akatuonyesha dole gumba.

Njiani nilimuuliza rafiki yangu kama L28 ni hasara. Akashangaa. Wapo wanaoitafuta makusudi: ina nguvu zaidi kwa mizunguko ya chini, na wengine huitia krenkshafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) ya LD28, ile ya dizeli yenye mwendo wa milimita 83, wakaikuza zaidi (na hiyo, kumbe, hata namba iliyogongwa haitakwambia). Hasara, alisema, ni kutojua. Silinda ya L24 ina kipenyo cha milimita 83, ya L28 ina 86. Ningeagiza gasketi ya hedi kwa kufuata lile bamba, ukingo wake ungechungulia ndani ya silinda na kuungua. Ningelipa kama mtu anayenunua gari lenye injini yake ya kuzaliwa, halafu siku ya kuliandikisha karatasi zingesema L24 na chuma kingesema L28, na mimi ndiye ningesimama dirishani kujieleza.

Hayo nimemwambia mzee kwa simu jioni. Nilitegemea atachukia nikitaja kupunguza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba nisiitupe ile karatasi ya penseli, anataka aione tena mchana. Tumekubaliana: yeye anarekebisha namba kwenye karatasi za gari kwanza, mimi nalipa nikiziona, na kwenye hati ya mauzo tutaandika L28, bloku F54, hedi E88, kama zilivyo.

Nikamwomba jambo moja tu, asiliwashe kila jioni kwa dakika mbili mbili akalizima, maana injini ya baridi inaumia hivyo. Akasema sawa, mwanangu, sitaliwasha.

Saa tatu usiku akanipigia tena. Hakusema shikamoo yangu ameipokea wala nini. Aliweka simu mbele ya boneti, nikasikia.