Tejas na JF-17: ni nani aliyeunda ndege yake mwenyewe?

Katika baraza za kahawa za Jaws Corner, Mji Mkongwe, mabishano juu ya ndege za kivita za India na Pakistan huishia kwenye swali la nani ameunda yake mwenyewe, nami naona swali hilo halijibiwi kwa kutazama bendera iliyochorwa mkiani. Tejas ya India, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 2001, ilibuniwa nyumbani, na sehemu kubwa ya bodi yake ni nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi, kazi inayotaka ustadi mkubwa. Lakini injini yake, F404, ni ya Marekani, kwa kuwa Kaveri, injini ya Kihindi iliyoanza kushughulikiwa miaka ya 1980, haikufikia nguvu iliyotakiwa. JF-17 ya Pakistan ilibuniwa pamoja na China, huunganishwa Kamra, nchini Pakistan, na husukumwa na injini ya Kirusi, RD-93. Fundi wa Nungwi aundaye jahazi kisha akalifunga mashine ya Yamaha angewaelewa wote wawili. Kwa uundaji wa bodi naitanguliza Tejas, ingawa JF-17 ndiyo iliyopata wanunuzi wa nje, Nigeria ikiwa miongoni mwao.