Picha kumi na mbili za Nungwi

Mwezi wa pili mwaka 2019, kaskazi ikiwa bado inavuma, nilishuka ufukweni Nungwi, kaskazini mwa Unguja, asubuhi mapema na Agfa Isolette II mfukoni na mkanda mmoja tu wa filamu ya 120, ile pana iliyoviringwa na karatasi. Kamera hii ya miaka ya 1950, iliyotengenezwa Munich, ikifungwa inaingia mfuko wa kanzu. Ukibonyeza kitufe, mlango wa mbele unaanguka, lenzi inasogea mbele na kujifunga, na nyuma yake unatanda mvukuto mweusi, yaani ngozi ya mikunjo inayoziba mwanga kati ya lenzi na mkanda. Mkanda wake unatoa picha 12 za mraba, kila moja milimita 56 kwa 56. Eneo hilo ni zaidi ya mara tatu na nusu ya picha ya mkanda wa kawaida wa milimita 35. Ni kamera chache za mfukoni zinazokupa negativu kubwa kiasi hicho, na ndiyo maana naipenda.

Kabla ya siku ile nilikuwa nimeishughulikia wiki nzima. Kamera hizi zikizeeka zinasumbua mahali pawili. Kwanza, grisi ya kijani kwenye nyuzi za lenzi hukauka ikawa ngumu kama gundi. Ukizungusha pete ya umbali, kioo cha mbele hakizunguki peke yake bali kinakokota na cha pili, na tangu hapo namba za mita zinadanganya. Nililegeza skrubu tatu ndogo zilizo ubavuni mwa pete, nikaitoa, nikadondosha petroli ya kiberiti kwenye nyuzi, nikangoja, nikarudia siku tatu mpaka vioo viwili vikaachana bila nguvu. Ukitumia koleo utakwaruza shaba, na kioo kikimeguka huna kazi tena.

Kurudisha umbali mahali pake ni kazi ya subira. Unafungua mgongo wa kamera, unabandika karatasi ya kuchorea inayopitisha mwanga juu ya reli mbili ambazo mkanda hulalia, unaweka shata (pazia la mwanga) kwenye B, ambapo inabaki wazi mradi umeibonyeza, na kuishikilia wazi, lenzi ikiwa kwenye f/4.5, yaani tundu lake kubwa kabisa. Kisha unaelekeza kitu cha mbali sana. Mimi nilitumia mlingoti wa simu. Unazungusha kioo cha mbele taratibu, lenzi ya kukuzia ikiwa jichoni, mpaka mlingoti uwe mkali kama wembe. Hapo ndipo pete inarudishwa ikisoma alama ya mbali kabisa, na skrubu zinakazwa. Karatasi isipolala sawasawa kwenye reli, kazi yote ni bure.

Pili ni mvukuto. Usiku, taa zote zikiwa zimezimwa, niliingiza tochi ndogo ndani na kuizungusha. Kona tatu ziliwaka kama nyota. Nilipaka rangi nyeusi ya kitambaa kwa brashi nyembamba, tabaka mbili nyembamba badala ya moja nzito, kwa sababu rangi nzito hunata mikunjo inapokutana, na ukifungua kamera inang'oka na ngozi yake. Ilipokauka nikapitisha poda kidogo.

Kwenye kivuli cha mkungu nikaweka mkanda. Spuli tupu inahamia upande wa kuvutia mkanda, ulimi wa karatasi unaingia kwenye ufa wake, na dole gumba linaubana mkanda mpya usilegee hata kidogo, maana ukilegea mwanga unaingia pembeni na picha zote zinakuwa na mpaka wa ukungu. Nikafunga mgongo, nikavuta huku nikichungulia kidirisha chekundu cha mgongoni, kinachoonyesha namba zilizo kwenye karatasi ya mkanda, mpaka namba 1 ikasimama katikati. Kidirisha hicho nakifunika kwa kipande cha utepe mweusi wa umeme, nakifunua kivulini tu. Mikanda ya leo inaona nyekundu, tofauti na mingi ya zamani, kwa hiyo mwanga wa kidirisha unaweza kuiharibu.

Mafundi walikuwa na jahazi jipya, mbao za ubavuni zimeshapigwa, na mzee mmoja alikuwa anakalafati. Alisokota pamba iliyolowa mafuta ya nazi, akaishindilia kwenye ufa baina ya mbao kwa patasi na nyundo, pigo dogo dogo, akisogea shubiri moja baada ya nyingine. Nikamwamkia, nikaomba ruhusa ya kupiga picha.

"Marahaba. Mbona umeipaka rangi hiyo?" akauliza, akinyooshea kidole kona za mvukuto.

"Ilikuwa inavuja mwanga, mzee."

"Basi na chombo chako nacho kilitaka kalafati," akasema, akarudi kwenye ufa wake.

Nilikuwa na mkanda wa Ilford FP4, wenye wepesi wa kupokea mwanga wa ISO 125. Juani kanuni ni tundu la f/16 kwa kasi ya shata iliyo karibu na namba ya ISO, na kwenye shata yangu ya Prontor-S hiyo ni 1/100. Lakini mzee alikuwa upande wa kivuli wa jahazi, nikafungua tundu hatua tatu hadi f/5.6, kila hatua ikiongeza mwanga mara mbili. Kwa f/5.6 na umbali wa mita 3, ukikosea nusu mita mbele uso unapotea, kwa hiyo nilipima kwa hatua zangu badala ya kukisia. Upande wa jua, kwa f/11 na mita 3 hizo hizo, ukali unaanzia karibu mita 2.4 hadi 3.9, na hapo mtu anaweza kupumua.

Jambo moja lazima lifuatwe kwa utaratibu: fungua kamera kwanza, polepole, ndipo uvute mkanda. Ukivuta kwanza halafu ukafungua kwa ghafla, mvukuto unafyonza hewa na mkanda unabinuka kuelekea lenzi. Katikati ya picha panakuwa pakali na pembeni pamelegea, nawe utailaumu lenzi bure.

Jioni nilisafisha mkanda kwa Rodinal, dawa ya kutokeza picha, mililita 10 katika nusu lita ya maji. Dakika 15 za kifurushi ni za nyuzi joto 20, na maji ya bomba Unguja yalikuwa nyuzi 29. Nilizungushia chupa barafu kwenye ndoo, barafu isiingie kwenye dawa, na maji ya kusuuzia nikayaweka ndani ya ndoo hiyo hiyo yawe baridi sawa. Mkanda ukitoka kwenye dawa ya baridi ukatumbukia kwenye maji ya moto, ngozi yake inaweza kukunjamana.

Nilipoutoa, picha ya tano ndiyo niliyoitafuta kwanza. Kwa lenzi ya kukuzia zilionekana nyuzi za pamba zikichomoza kwenye ufa, moja moja, na mshipa wa mkono ulioshika patasi. Ya saba na ya nane zilikuwa na wingu jeusi ukingoni, mahali pale pale. Nilikumbuka: nilikuwa nimeiacha kamera wazi juani dakika kadhaa, nikingoja wamalize kuinua ubao. Picha zilizofuata, nilizofungua nikapiga nikafunga, zilikuwa safi.

Nikazima taa, nikaingiza tochi tena, safari hii nikiuvuta mvukuto kwa vidole mkunjo baada ya mkunjo. Tundu lilikuwa kona ya chini, mkunjo wa tano, dogo kuliko ncha ya sindano, na lilionekana tu mkunjo ukinyooka kabisa. Nikaliwekea tone moja la rangi, nikaiacha kamera wazi mezani ikauke hadi asubuhi.