Siku moja mezani pangu: Jupiter mbili na Industar moja

Saa mbili asubuhi ninafungua karakana yetu hapa Leipzig na kuifuta meza kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Zinanisubiri lenzi tatu za kamera za Kisovieti, zote zimeletwa kwa lalamiko lile lile: picha hazina ukali.

Saa tatu naanza na Jupiter-8 ya milimita 50, iliyotengenezwa Krasnogorsk, karibu na Moscow. Nambari yake inaanza na 58, na kwa kawaida tarakimu hizo mbili ndizo mwaka wa kutengenezwa. Vioo vyake 6 vinafuata muundo wa Sonnar, aliousanifu Ludwig Bertele wa kampuni ya Zeiss ya Ujerumani katika miaka ya 1930, kwa hiyo muundo siulaumu. Naifunga kwenye kamera ya Zorki-4, nalaza rula ikielekea kamera umbali wa mita moja, nafungua tundu la lenzi hadi mwisho, yaani f/2, kisha natazama kwenye kioo cha ukungu nilichokiweka mahali pa filamu. Kipima umbali cha kamera kinalenga alama ya 20 ya rula, lakini alama inayosomeka vizuri ni ya 24, upande wa mbali.

Saa nne, nikiifungua, nakuta skrubu mbili zimeliwa vichwa, na washa (pete bapa) nyembamba inayokaa kati ya vioo na pete ya fokasi haipo. Unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, nao kwa umbali ule unatosha kusogeza fokasi kwa karibu sentimita nne. Watu husema lenzi hizi ni bahati nasibu, nami sikatai kwamba viwanda vilivyobanwa na mpango wa uzalishaji viliachia kasoro. Ila mezani pangu, mikono iliyozifungua baadaye ndiyo yenye makosa mengi zaidi. Nakata washa nyingine ya shaba, napima tena: ishirini kwa ishirini.

Saa saba, baada ya chai na chapati za jana, Industar-61 inanichukua dakika chache, kwani ilikuwa na ukungu wa grisi tu.

Saa tisa ni zamu ya Jupiter-3, yenye f/1.5. Nambari zilizokwaruzwa kwenye fremu ya vioo vya nyuma hazilingani na za mbele. Mtu aliunganisha lenzi mbili ikawa moja, na hapo washa haisaidii.

Saa kumi na moja nampigia simu mwenye lenzi hiyo kumweleza. Ananyamaza kidogo, kisha ananiuliza kama namfahamu mwenye nusu nyingine.