Amu Mpya za Jenyuini

Mlio ulianzia kwenye tuta la kwanza la Mikese. Ko! Tuta la pili, ko-ko. Nilikuwa peke yangu, safari ya Iringa, na hata Morogoro sijafika nilishamjua mkosaji: shokapu za bei rahisi.

Gari lilikuwa Corolla NZE121 ya mwaka 2002, mtumba wa Japani. Mapema mwaka 2016 shokapu za mbele zilianza kuvuja mafuta, na bushi, ile mipira ya kwenye amu za chini, mikono ya chuma inayoshika tairi, zikapasuka. Fundi wangu wa Tabata aliniandikia orodha nyuma ya pakiti ya sigara, nikashika njia ya Gerezani, Kariakoo.

Anayeijua Gerezani anajua kwamba dukani hufiki, unafikishwa. Kijana mmoja alinishika mkono kabla sijavuka barabara. "Dada, unataka jenyuini, kopi, au mtumba wa Japani?" Sikuwa na jibu, akanipeleka kwa mwenye nalo.

Muuzaji alinipangia vitu mezani kama muuza vitenge. Kwanza jenyuini, yaani shokapu za Toyota zenyewe, boksi limeandikwa namba: 48510 ya kulia, 48520 ya kushoto, kisha tarakimu nyingine tano za kutofautisha aina ya gari. Pembeni yake za Kayaba, kampuni ya Japani, bei chini ya nusu. Akasema Kayaba ndio hao hao wanaoitengenezea Toyota shokapu. Nilidhani ni maneno ya biashara, kumbe ni kweli, ingawa si lazima ile ya dukani iwe sawa kabisa na ile iliyofungwa kiwandani. Nikachukua Kayaba.

Kwenye amu ndipo roho iliponiruka. Bushi peke yake, za kampuni nyingine ya Japani, zilikuwa rahisi, za kutoa kwenye hela ya chakula tu. Jenyuini pale dukani ilikuwa amu nzima, bushi zimeshashindiliwa ndani. Lakini amu ndiyo inayoshika tairi! Nikajiona nimekaa kwenye mlima wa Kitonga, amu imechomoka, lori linakuja. Nililipa amu mbili kwa hela iliyozidi kodi yangu ya miezi miwili, na nikatoka nimevimba kichwa.

Kufunga kulichukua mchana mmoja. Nilikaa kwenye benchi nakula mihogo ya kukaanga, gari liko juu ya jeki, miguu ya mbele inaning'inia, fundi amelala chini anakaza bolti za amu. Spana ilipomzidi aliichomekea bomba apate nguvu zaidi. Nilifurahi kumwona anavyokaza. Nikasema huyu ndiye fundi.

Basi miezi tisa baadaye ndiyo hiyo ko-ko ya Mikese. Niliingia gereji moja karibu na Msamvu, nikamkuta mzee anakunywa chai.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lina nini?"

"Shokapu. Nilibana hela."

Hakunijibu. Aliegemea bampa kwa uzito wake wote, akaliachia. Gari lilipanda mara moja, likatulia. Akachungulia nyuma ya tairi, akapitisha kidole kwenye shokapu na kunionyesha: vumbi kavu. "Hizi nzima." Kisha akachukua mtaimbo, akaingia chini, akaichokonoa amu. Ko. Ule ule mlio.

Bushi ya mbele ya amu ya kushoto ilikuwa imechanika, na mwenzake wa kulia ameanza nyufa. Nilibisha. Nikasema haiwezekani, hiyo ni jenyuini. Akasema hakatai. Nikasema basi wameniuzia feki. Akaifuta amu kwa kitambaa, akaitazama, akasema hapana, hii ni yenyewe. Halafu akauliza, "Waliikaza gari likiwa juu?"

Mihogo ikanirudia mdomoni.

Alichukua kile kitambaa, akashika ncha moja na kuikaza nyingine kama anakamua nguo. Mpira wa bushi, alisema, umegandishwa kwenye bomba la chuma lililo katikati. Ukikaza bolti, lile bomba halizunguki tena. Ukikaza amu ikiwa inaning'inia, siku zote gari likisimama chini mpira unakuwa umesokotwa. Kila shimo linausokota zaidi, hata uwe umetoka Japani na cheti.

Alitafuta bushi mbili za bei ile niliyoidharau Gerezani. Jirani yake alizishindilia kwa mashine ya presi, si kwa nyundo. Amu zikarudishwa, bolti zikashikwa tu kwa mkono. Kisha wakafunga tairi, wakalishusha gari juu ya shimo, wakalitikisa likakaa, na mzee akashuka shimoni kukaza. Iringa niliingia usiku, kimya. Bushi zile nililiuza gari mwaka 2020 zikiwa humo humo, na Kayaba pia.

Niliporudi Dar nilipitia Tabata kumweleza fundi wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, anafuta mikono kwa petroli.

"Dada," akasema, "spea za siku hizi, hata jenyuini hazina maana. Nilitaka kukwambia siku ile."