Stokingi, mchanga na fundo: hatimaye limeshika

Jana mchezaji wa onyesho langu la dansi ameuvuta mguu wa stokingi uliojaa mchanga, akajizungushia kiunoni, akauachia ghafla. Haujapasuka! Mnaofuatilia kazi hii mnajua ulivyonitesa.

Wa kulaumiwa kwa wazo hili ni Senga Nengudi, msanii mzaliwa wa Chicago aliyesomea sanaa na dansi. Katikati ya miaka ya 1970, baada ya kujifungua, aliwaza mwili unavyotanuka na kurudi, akaanza kutundika stokingi kuukuu ukutani na kuzijaza mchanga. Mwaka 1977 akazionyesha New York, na mwaka huo huo mwenzake Maren Hassinger alicheza nazo. Kwenye picha unaona ulaini mtupu.

Mchanga wetu mkorofi. Umetokana na mawe haya haya ya itale yaliyojaa Mwanza, chembe zake zina kona kali. Ukiujaza ulivyo, kila mchezaji akivuta chembe zinaisaga nailoni kwa ndani. Uzi mmoja ukikatika, mstari unapanda hadi pajani. Nimeuosha, nimeuchekecha kwa chekecheke la unga, nimevisha stokingi mbili, moja ndani ya nyingine. Afadhali, ila penye fundo pakaendelea kuachia. Supaglu msiipotezee hela: nailoni inakauka, halafu inakatikia pembeni ya gundi. Stokingi nyepesi za mtumba za soko la Mlango Mmoja nazo ni za kuvaa ofisini tu; tafuteni zile nzito za baridi.

Dawa nimeipata kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, kwa mzee anayeshona nyavu. Nilimwamkia, nikamwonyesha, akacheka kwanza. Kisha akatia kokoto laini ndani ya ncha ya kitambaa, akazungusha uzi wa nyavu nyuma yake, akakaza kwa meno. "Mwanangu, hiki kitu laini, usikinyonge." Uzito sasa unagawanyika kuizunguka kokoto, haukati sehemu moja. Na uzi wa nyavu, jamani, hauna mpinzani.

Pale Mwaloni niliona taa za sola za wavuvi wa dagaa, na sasa nataka onyesho zima limulikwe kwa hizo, usiku, ufukweni. Kasheshe ni kwamba usiku wa giza ziko ziwani, na zinapumzika mbalamwezi ikiwaka, wakati ambao mimi sizihitaji. Mwenye mtumbwi mmoja amekubali kunikodishia chache gizani, ila kuchaji ni juu yangu, na ikipotea moja nalipa mbili.