Rubani Msaidizi Anaponyamaza

Wiki hii hapa Dar es Salaam nimehudhuria tena mafunzo ya ushirikiano wa marubani, ambayo sisi wasaidizi huketi meza moja na marubani wakuu, na tulijadili kwa kirefu ajali ya ndege ya Korean Air iliyotokea katika kisiwa cha Guam, kwenye bahari ya Pasifiki, tarehe 6 Agosti 1997, ambapo watu 228 kati ya 254 walipoteza maisha. Mtambo unaoelekeza ndege pembe ya kushukia ulikuwa umezimwa kwa matengenezo, lakini rubani mkuu alielekea kuamini kwamba unafanya kazi, akaendelea kushuka gizani kuelekea kilima cha Nimitz. Rubani msaidizi alipotamka wazi kwamba waahirishe kutua, zilikuwa zimebaki sekunde chache tu.

Jambo hili linanigusa sana, kwa kuwa wengi wetu tumelelewa kutomkatiza mkubwa kauli. Mimi huwaamkia marubani wakuu shikamoo kwa moyo wangu wote, na sioni kwamba heshima hiyo ina kosa. Hata hivyo, tunapoukaribia uwanja wa Julius Nyerere katika mvua za masika, kumwambia mkubwa kwa upole kwamba hali ya hewa inaonekana mbaya hakutoshi, anahitaji kusikia, "Tuko chini mno, paa tena!" Rubani mkuu mmoja alitueleza kwamba kabla ya kila mteremko humwomba msaidizi wake, kwa sauti, amkosoe papo hapo, na ningependa kila ninayeruka naye afanye vivyo hivyo, hata kama tumezoeana kwa miaka.